Ng'ombe wa mama mdogo akatiwe bima, mbwa wa shamba je?

Wiki moja tu nimeulizwa swali lile lile na watu wawili wa nyumba moja na hakuna aliyejua mwenzie ameuliza. Wa kwanza mama mdogo, yuko Mikindani, ana mtamba wa maziwa kamkopea hela na mtamba mwenyewe ana mimba ya miezi mitano. Kijana wa bima kapita kwake na fomu, kamwambia alipie kidogo kila mwaka, ng'ombe akifa analipwa. Akanipigia, "Mwanangu, hii nilipe au naliwa?" Siku tatu mbele akanitumia meseji binti yake, mdogo wangu wa mwisho, yuko Birmingham kule Uingereza, ana mbwa wa miaka tisa anampenda kama mtoto, kampuni imempandishia ada ya bima ya mbwa na anauliza aendelee kulipa au aache.

Mi nilikaa miaka mitatu kwenye ofisi ya wakala wa bima hapa Mtwara mjini kabla sijarudi kwenye korosho, kwaiyo naulizwa sana. Wote wawili niliwaanzia na swali moja, sikuanza na bei. Huyo mnyama akianguka leo usiku, hela itatoka wapi? Kama unajua itapotoka na haitavunja nyumba, bima kwako ni ya hiari. Kama hujui, au unajua ila ni ada ya mtoto ya shule au kiwanja, hapo ndo tukae tuongee bima vizuri. Hilo swali linaonekana dogo ila watu wengi wanalikwepa, wanakimbilia "mwaka jana nimelipa sijapata kitu", kama mtu anayelalamika mwaka mzima nyumba yake haijaungua.

Kwanza tutenganishe mambo mana hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Bima ya mbwa na paka wa kule Ulaya na bima ya ng'ombe ya huku zinaitwa jina moja lakini zinalipa vitu tofauti. Ya mbwa inalipa matibabu: dokta, vipimo, upasuaji, dawa. Ya mifugo kwa kawaida inalipa kifo, yaani mnyama akifa kwa ugonjwa au ajali iliyotajwa kwenye mkataba unapewa thamani yake, lakini sindano za kumtibu ni zako mwenyewe. Mama mdogo alikuwa anadhani akikata bima basi dokta wa mifugo atakuwa anakuja bure. Hapana. Na kama angelipa na wazo hilo, siku ya kwanza ng'ombe akipata homa angesema ametapeliwa wakati mkataba haukuahidi hivo.

Kihistoria hizi bima zimetoka tumbo moja. Kule Uswidi mwaka 1890 walianza na farasi na ng'ombe, mali za mkulima, alafu mwaka 1924 ndo mbwa akakatiwa bima. Uingereza ilifika 1947, Marekani 1982. Leo Uingereza ni biashara kubwa, mwaka 2023 makampuni yalilipa zaidi ya pauni bilioni 1 za madai ya wanyama wa nyumbani. Sababu ni kwamba kule hakuna hospitali ya serikali ya mbwa. Mbwa akikatika kano ya goti, upasuaji ni maelfu ya pauni, na mwenye mbwa anaulizwa pale pale kwenye korido analipaje.

Tuanze na huyu wa Birmingham mana mkataba wake ndo una kona nyingi. Kule kuna bima za aina nne hivi. Kuna ya ajali peke yake, hiyo rahisi, mbwa akigongwa na gari inalipa, akiumwa figo hailipi. Kuna ya muda, ugonjwa ukianza inalipa miezi 12 alafu ugonjwa ule ule inaufungia mlango. Kuna ya kiwango, kila ugonjwa una fungu lake la hela, likiisha limeisha hata kama ni ndani ya miezi miwili. Na kuna ya maisha, ambayo fungu linajazwa upya kila mwaka ukiendelea kulipa bila kukatiza, na hii ndo ghali kuliko zote. Sasa mtu akiwa na mbwa mwenye kisukari au mzio wa ngozi, magonjwa ya kudumu, zile za muda na kiwango zitamtupa njiani mapema sana.

Mdogo wangu ana ya maisha. Mbwa wake masikio yanamsumbua mwaka wa tatu huu. Alitaka kuhamia kampuni nyingine yenye ada ndogo, na hapo ndo nikamwambia simama kwanza mdogo wangu. Kampuni mpya itaomba historia ya matibabu kwa dokta wake, itaona masikio, itasema ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba hatulipi. Kwaiyo ada itashuka kweli ila ile sababu yenyewe ya kuwa na bima itakuwa imebaki nje. Wengine wanaenda mbali zaidi, goti la kushoto likiwa na historia basi na la kulia wanalitoa. Alafu kuna siku za kusubiri, mara nyingi siku 14 kwa magonjwa, mbwa akiumwa ndani ya hizo hulipwi, na ugonjwa ulioanza ndani ya hizo unahesabiwa wa zamani.

Kuna na kiasi unachotangulia kulipa mwenyewe, wenyewe wanakiita eksesi. Tuseme ni pauni 100, bili ikiwa 130 bima inatoa 30. Mbwa akizeeka, kampuni nyingi zinaongeza na asilimia, labda 20 ya kila bili inabaki kwako juu ya ile eksesi. Na ndani ya ada kuna kodi ya bima asilimia 12 inaenda serikalini. Chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, kufunga uzazi, hayo kwa kawaida hayamo kabisa, mana bima haijatengenezwa kwa kitu unachojua kitatokea. Chanjo itatokea. Hiyo ni bajeti.

Nikamuuliza swali langu: mbwa akihitaji upasuaji wa pauni 4,000 kesho unazo? Akasema hana, na hawezi kumuacha. Nikamwambia basi kaa hapo hapo, usihame, ila wapigie uongeze ile eksesi ushushe ada, zile bili ndogo za pauni 60, 80 utabeba mwenyewe. Ingekuwa mbwa ni mtoto na hana historia ningemwambia azunguke sokoni. Na ingekuwa ana akiba ya pauni 5,000 imekaa tu, ningemwambia anaweza kuishi bila bima na hatakuwa mzembe. Ila kuna kipande kimoja asikiache, bima ya madhara kwa wengine, mbwa akikimbilia barabarani mtu wa pikipiki akaanguka akavunjika, ile kesi inaweza kumla mpaka nyumba.

Sasa turudi Mikindani.

Mtamba wa mama mdogo tuseme thamani yake milioni 2 na laki 5. Tuseme ada ni asilimia 5 kwa mwaka, hiyo ni 125,000. Hesabu yake iko hivi, kampuni ikichaji asilimia 5 maana yake inaamini kwenye ng'ombe 20 wa namna hiyo atakufa pungufu ya mmoja kwa mwaka, mana lazima ibaki hela ya mishahara, ya dokta anayekuja kukagua, na faida. Kwaiyo ukihesabu kwa wastani wa watu wote, mkata bima anatoa zaidi ya anachopokea. Bima za biashara kwa kawaida ziko hivo na sio wizi. Unachonunua ni kwamba ule mwaka mbaya usikuangukie wewe peke yako.

Ndo mana idadi ya wanyama ina uzito kuliko bei ya mnyama. Jirani yake mama mdogo ana mbuzi 20. Mmoja akifa ameumia lakini kesho anakamua maisha, wale 19 ndo bima yake. Mama mdogo ana mmoja. Akifa huyo amekufa maziwa, amekufa ndama aliye tumboni, na deni liko hai. Mi kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja wa mkopo nasema kata, bila kuzunguka. Kwa mwenye mbuzi 20 nasema hiyo hela kachanje, mana kinachoweza kufagia wote 20 kwa mpigo ni sotoka, na sotoka ina chanjo. Ile kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo ya serikali iliyozinduliwa 2025 inachanja ng'ombe homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri, na kwa bei ya ruzuku. Mtu anayeacha hiyo alafu anaulizia bima anajenga ghorofa bila msingi, na mkataba wenyewe mara nyingi unasema mnyama ambaye hajachanjwa akifa kwa ugonjwa wenye chanjo hakuna malipo.

Kwa ng'ombe wa maziwa wa kisasa adui wa kwanza ni kupe, mana ndo wanaoleta ugonjwa wa ndigana kali. Kuna chanjo yake inayopigwa mara moja na kinga inakaa maisha, kuna kuogesha, kuna TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo hapa Mtwara kwa ajili ya kupima. Fanya hayo kwanza. Bima inakuja nyuma ya hayo, haikai mbele yake.

Alafu kuna jambo ambalo huku kwetu pwani linavuruga madai kuliko lolote na sijaona fomu hata moja inayolieleza kwa lugha ya mtu wa Mikindani. Ng'ombe akizidiwa usiku, sisi la kwanza ni kisu. Akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi, hauzwi, kwaiyo anachinjwa akiwa bado anapumua ili nyama iokoe japo nusu ya hasara. Hiyo ni akili kabisa na ni dini. Lakini bima inataka ng'ombe awe amekufa kwa sababu iliyotajwa, au kama ni kumchinja basi dokta wa mifugo aandike kwamba hakuwa wa kupona. Ukichinja bila karatasi, kwa mkataba umechinja ng'ombe wako kwa hiari, umeuza nyama, kwaheri. Namjua mama mmoja upande wa Nanguruwe, mama mtu mzima mwaminifu kabisa, alichinja saa 9 usiku, kampuni aliyokatia bima ikamkatalia malipo, na alilia pale ofisini mbele yangu mpaka leo nikikumbuka naumia. Alikuwa amelipa miaka minne mfululizo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alipaswa kupiga simu kabla ya kushika kisu.

Kwaiyo nilimwambia mama mdogo, kabla hujasaini muulize huyo kijana maswali haya kwa mdomo na akuonyeshe mstari kwenye karatasi: ng'ombe akizidiwa usiku nampigia nani, nikichinja kwa ushauri wa dokta mnalipa au hamlipi, na hela ya nyama mnaikata kiasi gani kwenye malipo (mara nyingi wanaikata, na ni haki, mana huwezi kulipwa ng'ombe mzima na nyama umeuza). Na dokta akiandika achinjwe, muulize pia kama nyama inafaa, mana ng'ombe aliyepigwa antibayotiki jana nyama yake haifai kuingia buchani leo hata kama hela inahitajika.

Na akifa, usizike kabla hawajaona au hujapiga picha inayoonyesha hereni ya sikioni. Hereni ndo kila kitu, mana bila namba kampuni itajuaje huyu aliyekufa ndo yule aliyekatiwa? Joto letu hili mzoga hausubiri mpaka kesho mchana, kwaiyo simu ipigwe saa hiyo hiyo, picha, dokta, taarifa kwa mtendaji. Ila ukiona amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue hata kama kampuni inataka ripoti ya ndani, hiyo inaweza kuwa kimeta na inaua watu. Ita dokta, achukue sampuli yeye, mzoga uzikwe kwa maelekezo yake. Hakuna malipo ya bima yanayozidi mtu.

Kitu kingine mama mdogo hakukijua, mkopo ukiwa benki, malipo ya bima yanaanza kulipa benki, kinachobaki ndo chako. Alikasirika kidogo, akasema "kumbe nawakatia wao." Nikamwambia mama mdogo, deni likifa na ng'ombe wewe unalala usingizi, hiyo nayo ni faida. Ila angalia thamani iliyoandikwa. Mtamba alinunuliwa milioni 2 na laki 5, akizaa na kuanza kutoa lita 10 thamani yake inapanda, na kama mkataba bado unasema bei ya zamani utalipwa ya zamani. Kila mwaka wakati wa kuhuisha dokta aandike thamani upya. Ng'ombe akizeeka inashuka pia, ipo siku ada haina maana tena, hapo unaacha.

Na wakati wa kulipa nao una akili yake. Huku hela inakuja na mnada, ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Bima inayoisha mwezi wa nne inamkuta mtu hana hata ya chumvi, anaruka miezi miwili, na ng'ombe hajui kwamba bima imekatika. Omba mkataba uanze Novemba.

Kuhusu kuaminika, mwaka 2023 makampuni ya bima yaliungana kwenye konsotia ya bima ya kilimo, TAIC, ili kubeba kwa pamoja hatari za mazao na mifugo, kwaiyo hili sio jambo la mtu mmoja na begi lake tena. Lakini begi bado lipo mtaani. Msimamizi ni TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wana ofisi ya kanda ya kusini hapa hapa Mtwara, nenda uulize kama wakala ana leseni kabla hujatoa hata shilingi, na ulipe kwenye namba ya kampuni, usimpe mkononi. Ukikataliwa madai na unaona umeonewa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, amewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Yule mama wa Nanguruwe hakujua kama yupo.

Wafugaji wa makundi makubwa, hawa ndugu zetu Wasukuma na Wamang'ati waliofika Lindi na Kilwa baada ya kuondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya miaka ya 2006 na 2007, wao hesabu yao nyingine kabisa, huwezi kumkatia ng'ombe mmoja mmoja kati ya 200. Kaskazini mwa Kenya, Marsabit, tangu 2010 kuna bima inayoangalia majani kwa setilaiti, ukijani ukishuka chini ya kiwango kila aliyekata analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Ni nzuri kwa ukame. Kwa ndigana haikusaidii.

Bado mbwa. Mi nina wawili shambani Newala, wanalinda korosho zikiwa zimeanikwa na wanafukuza nguruwe pori. Sijawakatia bima na wala simshauri mtu wa huku kuhangaika nayo kwa mbwa wa shamba, mana swali langu linajibika: mbwa akiumwa sana hela ya dokta nitaipata, nina kopo la elfu 5 kila mwezi, kwa mwaka 60,000, linatosha minyoo, kupe na dharura ndogo. Akigongwa na swila, ukweli ni kwamba mara nyingi hata hatutafika kwa dokta.

Lakini hatari kubwa ya mbwa huku sio mbwa kufa. Ni mbwa kung'ata mtoto wa mtu. Hapo unalipa sindano zake, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, wengine ratiba inaenda mbele zaidi, pamoja na nauli ya kutoka kijijini na siku za kazi za mzazi, na kama kichaa cha mbwa kimeshaonyesha dalili hakuna hela itakayomrudisha. Hiyo hasara ndo isiyobebeka, na dawa yake ni chanjo ya mbwa kila mwaka na kadi yake uitunze kavu. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakatika, sisi wa kusini tulishaona kampeni za chanjo zikipita kijiji kwa kijiji kuanzia 2010, kwaiyo hatuanzi kufundishwa leo. Na mtu aking'atwa, kabla ya kutafuta usafiri osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, alafu hospitali.

Mama mdogo alikata. Alimwita yule kijana mara ya pili, akamkalisha barazani, akamuuliza la kisu mbele ya dokta wa kata, wakaandika kwa kalamu pembeni ya mkataba, na kampuni ikagonga muhuri pale walipoandika. Namba ya dokta ameichora kwa mkaa ukutani bandani, kubwa, aione hata kwa tochi.